Kibao cha Langoni ni Sauti ya Mwenye Nyumba

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, tunamwomba msamaha. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Ahero, nanyi mama zetu mnaotusikiliza nyuma ya pazia: naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri. Leo nataka tusimame hapo kwenye siri.

Juzi baada ya sala ya Isha, kijana wetu mmoja alinivuta kando. Ni mfanyabiashara, husafiri na pesa usiku kati ya Kisumu na Kericho, na bastola yake anayo kwa cheti halali cha bodi ya leseni za silaha. Akaniambia: "Ustadh, nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu hospitalini. Langoni pana kibao, picha ya bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Mlinzi hakunipekua. Nikaingia nayo kiunoni, chini ya koti, nikamwombea shangazi dua, nikatoka. Hakuna aliyejua. Je, nimekosa?"

Nikamkumbusha alivyotufundisha Mtume (S.A.W.): dhambi ni lile linalokukwaruza kifuani, ukachukia watu walione. Kama moyo wako umetulia, mwanangu, mbona umenivuta kando?

Ndugu zangu, tuisome Suratun-Nur. Allah ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini, na ametuambia kwamba tukiambiwa turudi, turudi, maana hilo ndilo safi zaidi kwetu. Hospitali ni nyumba ya watu. Kile kibao ni sauti ya mwenye nyumba: karibu wewe, silaha yako ibaki. Ukiingia nayo kwa kuificha, umechukua nusu ya idhini ukaitupa nusu. Cheti cha bodi kinakupa ruhusa ya kuwa na bastola. Hakikupi umiliki wa wadi ya wagonjwa. Na mlinzi asipokupekua, hajakuruhusu. Amekuamini. Kuaminiwa ni amana, na amana tutaulizwa.

Mtume (S.A.W.) aliamuru kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Mishale si hadithi ya kale kwetu. Mpakani kule Sondu watu wamechomwa nayo katika zama zetu hizi. Sasa kumbukeni pia kwamba katika msikiti uleule wa Madina, baada ya vita vya Handaki, lilisimamishwa hema la Saad bin Muadh, aliyekuwa amejeruhiwa mkononi, ili Mtume awe karibu naye kumtazama. Mgonjwa aliwekwa ndani ya nyumba ya Allah. Ikiwa msikitini ncha ya mshale hushikwa kwa ajili ya mtu mzima anayeweza kukwepa, je, mbele ya mama aliyejifungua jana, ambaye hata kuinuka hawezi?

Na sikilizeni kisa cha Abdallah bin Umar, Allah amridhie. Alichomwa na ncha ya mkuki mguuni akiwa Mina, wakati wa Hija. Gavana Hajjaj akaja kumtazama, akasema laiti angemjua aliyemjeruhi. Ibn Umar akamwambia kuwa ni yeye Hajjaj: amebeba silaha siku isiyobebwa silaha, na ameziingiza katika Haram, mahali zisipoingizwa. Hakumtafuta mtu aliyeshika ule mkuki. Alimtazama aliyeuvunja mpaka, kwa sababu mpaka ukivunjwa, jeraha hutafuta tu mguu wa kuangukia.

Sisi wa Kano na Kisumu tunalijua hilo kwa machungu. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ile ambayo watu wetu wanaiita Rusia mpaka leo, ingawa sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Maneno makali yakapandana, mawe yakarushwa, walinzi wa rais wakafyatua risasi katikati ya umati. Serikali ilihesabu maiti 11. Wazee wetu wanahesabu wengi zaidi, wakiwemo watoto, na husimulia kwamba milio ya risasi iliufuata msafara hadi huku Ahero. Nyumba iliyojengwa kutibu majeraha ilianza siku yake kwa majeraha.

Tusidhani hayo yamepita. Ijumaa kama hii, tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha waliivamia hospitali ya chuo kikuu huko Butembo, Kongo, wakamuua Dakta Richard Mouzoko wa Kamerun, aliyekwenda kupambana na Ebola.

Utasema: "Mimi si mwasi, nami nayajua matumizi yake." Huko São Paulo, Brazili, Januari 2023, mwanasheria mmoja alimsindikiza mama yake kwenye kipimo cha mashine ya sumaku, ile inayopiga picha za ndani ya mwili. Kituo kilieleza kuwa aliambiwa aondoe kila chuma na akatia saini. Bastola akaibakiza kiunoni. Sumaku ikaivuta, risasi ikatoka, ikampata tumboni, na baada ya wiki chache akafariki. Alikwenda akiwa mtoto mwema kwa mama yake. Alichokificha kilimfichua.

Na mwingine atasema: "Hospitali zenyewe hazina usalama." Kweli, na inauma. Mwaka 2025, Februari na tena Julai, wagonjwa wawili waliuawa vitandani mwao katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, kwa kukatwa shingo. Basi tudai walinzi wa kutosha, taa, malango yanayopekua kila mtu, tajiri na maskini. Lakini wadi hailindwi kwa kila mgeni kuwa na chake chini ya koti. Wagonjwa wale hawakuuawa kwa uchache wa silaha ndani ya jengo. Waliuawa kwa sababu silaha iliwafikia.

Nasaha yangu ni fupi. Ukienda kumtazama mgonjwa, bastola ibaki nyumbani, imefungiwa. Ukiwa umetoka nayo safarini, rudi uiweke kwanza, au mwambie mlinzi ukweli, ufuate utaratibu wa pale. Usiiache chini ya kiti cha gari wala kwa kijana wa bodaboda. Ukiambiwa rudi, rudi bila kununa. Na wewe unayemjua ndugu anayeingia nayo, mnasihi kwa upole, faraghani, kabla hajanasihiwa na msiba.

Nilimuuliza yule kijana: "Shangazi yako angejua ulichokaa nacho pale kitandani, angelala usiku ule?" Akainamisha kichwa, akasema: "Asingelala, Ustadh." Ndugu zangu, ziara ya mgonjwa ni ibada, na mwisho wake ni mgonjwa apate usingizi.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, walinde madaktari na wauguzi wetu, izuie mikono yetu isimdhuru asiye na kosa, na uzifanye siri zetu ziwe safi kuliko dhahiri zetu. Nasema kauli yangu hii, namwomba Allah anisamehe mimi nanyi. Amin.