Swali kwa Mfiwa

Je, ni haki kumwendea mama aliyefiwa, akaulizwa homa ilianza siku gani na mtoto alipelekwa kwa nani kwanza, ili majibu yake yawe tarakimu? Jambo hili lilitendeka Kibiti, Bungu na Ikwiriri katika uchunguzi wa idadi ya watu ulioanzishwa mwaka 1998, Kibiti ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Vifo vingi vilitokea nyumbani, wala hapakuwa na daktari wa kuviandika. Mwenye habari alikuwa mfiwa peke yake.

Habari hizo zilizaa ugunduzi usiotazamiwa. Wengi, hata wasomi, walishikilia kwamba watoto hufa kwa malaria kwa sababu wazazi, waonapo degedege, hukimbilia kwa mganga. Makala iliyotolewa mwaka 2004, juu ya vifo vya miaka ya 1999 hadi 2001, ilionyesha kinyume: walio wengi walitafuta kwanza dawa za hospitali, hata palipokuwa na degedege. Na dawa yenyewe? Klorokwini, iliyokuwa tegemeo la serikali hadi mwaka 2001, ilikuwa imekwisha kuzidiwa nguvu na vimelea.

Hapo ndipo penye uzito. Ni rahisi mno (na wasomi hupenda urahisi huo) kumsingizia ujinga mtu asiyekuwapo kujitetea. Mfiwa aliyejibu aliwaondolea wenzake lawama, ingawa mwanawe hakurudi, na makala ilitoka kwa Kiingereza. Mtafiti aliyebisha hodi kuuliza anadaiwa kubisha tena, aeleze kwa Kiswahili kile ambacho majibu yale yalifichua.