Merikebu Isiyo na Watu

Mabaharia wa Ulaya waliozunguka Rasi ya Tumaini Jema walisimuliana habari za nahodha Mholanzi aliyeapa kuipita rasi ile hata ikimchukua mpaka siku ya kiyama, naye akalaaniwa aelee milele bila kutia nanga. Ngano hiyo haimdhuru mtu. Nahodha huyo hana kaburi wala jamaa. Swali gumu lazuka pale merikebu inapokuwa ya kweli, na watu wake wa kweli: je, ni haki aliye hai kuujaza ukimya wa wafu kwa maneno yake mwenyewe?

Tuchukue kisa cha Mary Celeste. Merikebu hii iliondoka New York mnamo Novemba 1872 kwenda Genoa, imepakia mapipa 1,701 ya spiriti. Ndani yake walikuwamo nahodha Benjamin Briggs, mkewe Sarah, binti yao Sophia wa miaka miwili, na mabaharia saba. Mapema Desemba, merikebu iitwayo Dei Gratia iliikuta ikielea ovyo kati ya visiwa vya Azores na Ureno, haina mtu. Chakula na maji vilikuwamo tele. Shehena karibu yote ilikuwa salama. Waliokosekana ni watu wote kumi, na pamoja nao mashua.

Mashua hiyo yatuambia mengi. Watu hawa waliondoka kwa kushuka, si kwa kunyakuliwa na shetani wa bahari. Mapipa tisa yalikutwa matupu. Huenda nahodha aliuogopa mvuke wa spiriti usije ukalipuka. Huenda pia alidhani kwamba maji yaliyoingia ndani yalikuwa mengi kuliko yalivyokuwa. Huenda: neno dogo, lakini mtu mwaminifu hawezi kulivuka.

Huko Gibraltar, mwanasheria mkuu Frederick Solly-Flood alilivuka. Aliona alama nyekundu kwenye upanga, akasema ni damu. Mabaharia wamelewa spiriti wakamwua nahodha wao. Alama zilipochunguzwa hazikuwa damu, na spiriti ile haikuwa kinywaji cha mtu. Hata waliyoiokoa merikebu wakatazamwa kwa jicho la shaka.

Kisha, mwaka 1884, Arthur Conan Doyle, ambaye wakati huo hakuwa na sifa kubwa, alitoa hadithi katika jarida la Cornhill bila jina la mwandishi, kwa sura ya ushahidi wa mtu aliyenusurika. Aliibadili merikebu jina kidogo, akaiita Marie Celeste. Alisema mashua zote zilikutwa mahali pake. Na mwuaji je? Chotara mwenye kuwachukia Wazungu, anayeipeleka merikebu pwani ya Afrika! Katika orodha ya mabaharia hakuwamo mtu kama huyo. Walimu wenzangu, tusipite hapa haraka: palipokosekana mkosaji, aliletwa mtu wa rangi nyingine, na wasomaji wengine wakaamini.

Bibi zetu walikuwa waangalifu kuliko jarida lile. Kabla hawajamtia sungura kinywani maneno, walisema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!" Kwa maneno hayo mawili msimuliaji na msikilizaji wamekubaliana kwamba yafuatayo ni ngano, hakuna atakayekwenda kumshitaki fisi asubuhi. Kosa la hadithi ya 1884, kwa maoni yangu, si kubuni. Kubuni ni haki ya kila msanii. Kosa ni kubuni kwa sauti ya shahidi, juu ya watu waliokufa juzi.

Jambo hili lilijirudia mwaka 1955, chombo Joyita kilipokutwa katika Pasifiki bila hata mmoja wa watu wake 25. Kulikuwa na bomba lililooza likiingiza maji, lakini katika magazeti ya Fiji lawama zilielekezwa kwa wavuvi wa Kijapani.

Briggs na Sarah walikuwa na mtoto mwingine, Arthur, mwenye miaka saba, waliyemwacha Massachusetts kwa bibi yake ili asikose masomo. Hadithi ya Cornhill ilipotoka alikuwa kijana, tena aliyejua kusoma vizuri.