Anayemzoesha Swala Naye Huzoeshwa

Wanangu na wajukuu zangu wa Kigera, kaeni kidogo mnisikilize. Juma lililopita mmoja wenu alinijia jioni na simu mkononi, akanionyesha picha za kutoka Marekani. Pipa la mahindi limesimama juu ya miguu mitatu ya chuma, na kando yake kuna kibanda kidogo chenye tundu la kuchungulia. Pipa lina saa ndani. Muda ukifika linamwaga punje chini. Paa wa huko, wenye pembe za matawi, wanakuja, wanakula, kesho wanarudi. Mwenye pipa hana haraka. Anawaacha walizoee pipa, wakizoee kibanda, ndipo siku moja anaingia na bunduki. Kijana wetu akaniambia, "Babu, sisi hatuhitaji hata pipa. Magunia mawili ya chumvi yanatosha. Kule Bunda kwa mjomba swala wanapita mpaka shambani."

Usiku ule sikumjibu. Namjibu leo mbele yenu wote, maana najua wazo hilo hana peke yake.

Mimi si mgeni wa jambo hili. Nilipokuwa na umri wenu nilipelekwa kwa wajomba zangu Ikizu kuchunga ng'ombe. Huko nilipata rafiki aliyenizidi miaka miwili, kijana mkimya, mwenye jicho kali na mkono mwepesi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka chumvi. Tulilainisha udongo kwa jembe mahali peupe, tukamwaga chumvi iliyoyeyushwa ndani ya maji ili izame, isiondoke na mvua moja. Hatua thelathini hivi kutoka hapo tukajenga ulingo juu ya mgunga. Ninyi watoto wa ziwani mnaujua upepo wetu: mchana hutoka ziwani kwenda bara, usiku hugeuka ukatoka bara kwenda ziwani. Asiyejua saa ya kugeuka kwake, harufu yake hufika kwa mnyama kabla ya mshale.

Siku ya kwanza tulikuta alama za kwato pembeni tu. Wamefika, wamenusa, wameondoka. Siku ya tatu kwato zilikuwa katikati, na udongo umelambwa ukawa laini kama sakafu iliyosiribwa. Siku ya tano tulipanda ulingoni bila silaha, tukakaa. Swala pala walipokusanyika, rafiki yangu akakohoa kwa makusudi. Wote wakainua vichwa, dume akakoroma, wakatimka. Kesho yake akakohoa tena. Waliinua vichwa, hawakukimbia. Siku ya nane hawakuinua hata vichwa.

Siku ya tisa tulipanda na upinde. Nataka mumwone jike yule kama ninavyomwona mimi hadi leo. Jua lilikuwa linazama. Ameinamisha shingo, ulimi wake unakwaruza udongo, nami nausikia kutoka juu. Upinde ulipovutwa ulilia, kama mti mkavu unavyolia. Masikio yake yakageukia kwetu, yote mawili. Kichwa hakikuinuka. Alikwisha kujifunza kwamba sauti za mti ule hazina madhara, na waliomfundisha ni sisi.

Sisemi wazee wetu walikuwa malaika. Walichimba mashimo, walitega, walipaka mishale sumu. Lakini anayefuata nyayo hushindana na woga wa mnyama, na mara nyingi hushindwa. Anayeweka chumvi humnyang'anya mnyama woga wake kwanza, kisha ndipo humuua. Na woga ndio ngao pekee aliyopewa swala.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo haionekani kwenye simu. Nyama ya jike yule aliinunua mtu mmoja kutoka mjini. Alilipa vizuri, bila kupunguza hata senti. Mara ya pili alikuja na sukari kwa ajili ya mama wa rafiki yangu. Mara ya tatu aliacha pesa kabla ya nyama: "Chukua tu, utanilipa ukipata." Alikuwa anakuja usiku kwa baiskeli, anapiga kengele mara moja nje ya ua. Mwanzoni rafiki yangu alikuwa anashtuka. Baadaye akawa hashtuki. Msimu ulipokwisha alikuwa na deni, na aliyeamua siku ya kwenda porini hakuwa yeye tena.

Mnawaona dagaa usiku wa giza, wavuvi wetu wanapowasha taa majini. Hakuna anayewasukuma. Wanaufuata mwanga wenyewe mpaka wavu uko chini yao. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nami nawaambia, mkono uliojaa uulizeni unataka nini kabla hamjalamba.

Usiku rafiki yangu alipokamatwa, mimi nilikuwa nimelala na homa. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyoniacha huru. Sikuwa mwema wala mjanja kumzidi. Mnunuzi hakuwepo chini ya mti ule. Hajawahi kuwepo. Rafiki yangu alitoka gerezani akakuta mama yake amezikwa, na waliomjengea kaburi ni majirani.

Na zile zilikuwa siku za zamani. Siku hizi kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nayo haina mzaha. Kuwinda bila leseni ni kosa. Kukutwa na nyama bila kibali ni kosa jingine linalojitegemea. Mitego, mashimo, sumu na taa za usiku vimekatazwa. Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti yametangazwa tangu 1994, na askari wake wanaijua mipaka vizuri kuliko mjomba wako. Mahakama za mkoa wetu huu zimewahi kuwafunga watu miaka 20 kwa nyama ya nyumbu. Piga hesabu mwenyewe: unaingia na miaka 22, unatoka na 42. Watoto wako watakuwa wameshaoa bila wewe kukaa kwenye mkeka wa posa.

Tuseme hukukamatwa. Je, umefikiri nani mwingine atakuja kulamba? Chumvi haina mlango. Ng'ombe wa mjomba wataifuata, na nyumbu nao, mate juu ya mate. Kimeta kinaua mifugo na wanyama wa porini katika ukanda wetu huu, na vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi vikisubiri. Nyama isiyopimwa na bwana mifugo unaipeleka kwenye sufuria ya mama yako. Huko huko Marekani kwenye yale mapipa, kuna ugonjwa unaokula ubongo wa paa na kuenea kwa mate yao, na majimbo kadhaa yamepiga marufuku kuwalisha kwa sababu hiyo. Tena tembo naye anapenda chumvi. Ukimwonyesha njia ya shamba, hatakuomba ruhusa ya kula mahindi, na wakulima wa Bunda wanaweza kukusimulia usiku mmoja wa tembo unavyokuwa.

Sikuja kuwanyima tu. Kijana anayeweza kukaa juu ya mti siku kadhaa bila kurusha mshale ana kipaji kikubwa: anajua upepo, anasoma kwato, anaweza kunyamaza. Huko Grumeti baadhi ya waliokuwa majangili wamekuwa askari wa wanyamapori, wakilipwa mshahara kwa macho yale yale. Watalii nao hulipa vizuri mtu anayejua swala atatokea wapi na saa ngapi. Na anayetaka kuwinda kihalali aende ofisi ya wanyamapori, aulize leseni na mgawo, arudi na karatasi mkononi. Kazi yenye karatasi haikufanyi uruke kila mbwa anapobweka.

Wewe uliyenionyesha simu, unajijua. Sikutaji, maana hujakosea bado, na nakupenda. Magunia yako ya chumvi nayataka mimi. Nina mbuzi kumi na mmoja hapa nyumbani, na jiwe lao la chumvi limekwisha. Lete, nitakulipa bei ya dukani, mchana, mbele ya watu.

Na akitokea mtu akakupa pesa kabla hujamfanyia kazi, akamletea mama yako sukari ambayo hakuomba, akakuambia utamlipa ukipata, usihesabu noti. Mkumbuke yule jike wa Ikizu, masikio yamegeuka na kichwa hakijainuka. Wewe bado una nafasi ambayo sisi tulimnyima. Inua kichwa, mwanangu, ukimbie.