Mshika Mbili Dukani

Mshika mbili moja humponyoka. Wengi tumefundishwa methali hii kama karipio kwa mwenye tamaa, anayetaka chake na cha jirani. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaiacha methali nusu. Mshika mbili si lazima awe mlafi. Huenda vyote viwili ni halali yake, tena anavihitaji. Kinachomshinda ni kwamba kushika ni kazi, inataka nguvu na macho, na nguvu za binadamu zina kikomo. Kwa hiyo methali inatuuliza tunaweza kutunza kiasi gani, hata pale tunachokitaka kinapokuwa chema.

Naipima hapa kwa swali linalowagawa wenye maduka ya mtandaoni: duka lijiunge na mtandao mmoja wa mawakala, au na kadhaa?

Aliyezoea soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ataelewa upesi. Pale kuna mawinga, watu wasio na duka, wanaompokea mteja barabarani na kumpeleka kwa mwenye mali. Mzigo ukiuzwa, nao wanapata chao. Intaneti nayo ina mawinga wake. Mtu ana blogu ya safari au chaneli ya mapishi, anaweka kiungo cha duka, na msomaji akibofya kisha akanunua, mwenye kiungo analipwa kamisheni. Amazon ilianzisha utaratibu wake mwaka 1996 na inausimamia yenyewe. Maduka mengi hayana ubavu huo, hivyo hupitia kampuni za kati zinazokusanya mawakala, kuhesabu mauzo na kugawa malipo, kama Commission Junction iliyoanza 1998, na kama ilivyokuwa ShareASale iliyoanza 2000.

Tuseme yuko muuza vikoi wa Mombasa mwenye wateja Uingereza na Marekani. Amejiunga na mitandao miwili kwa hoja kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na hoja hiyo ina uzito. Mawakala wa mtandao huu hawapatikani wote kwenye ule. Tena mtandao mmoja ukibadili masharti ghafla, duka halibaki yatima.

Jumatatu mteja anabofya kiungo cha wakala wa mtandao wa kwanza, anatazama kikoi, anaondoka. Kivinjari chake kimekwisha kuhifadhi kidakuzi, alama ndogo inayoeleza nani alimleta, na alama hiyo yaweza kudumu siku 30. Alhamisi anarudi kwa kiungo cha wakala wa mtandao wa pili, anapata kidakuzi kingine, ananunua. Kikoi ni dola 40, kamisheni asilimia 10. Malipo yanapokamilika, kila mtandao unasoma alama yake na kudai mauzo, bila kujua kwamba mwenzake anadai yaleyale. Mwenye duka anadaiwa dola 4 mara mbili. Ikiwa kila mtandao unatoza pia ada yake, tuseme asilimia 30 ya kamisheni, kila dai linafika dola 5.20 na jumla ni dola 10.40. Hiyo ni zaidi ya robo ya bei, na bado hajamlipa mfumaji wala posta.

Dawa ipo. Duka liwe na rekodi yake moja inayokumbuka mteja aliletwa na nani mara ya mwisho, na mauzo yaripotiwe kwa mtandao huo tu. Fedha zitakuwa zimeokoka. Lakini yule wakala wa Jumatatu, aliyeandika makala nzuri hadi mgeni akakijua kikoi, hapati hata senti. Hapo ndipo methali inapozama zaidi ya hesabu. Aliyeshika mbili amejifanya hakimu kati ya watu wanaomtegemea, na hakimu anapaswa kutangaza sheria kabla ya kesi. Kanuni ya nani analipwa iandikwe wazi katika mitandao yote miwili, kwa maneno yaleyale. Mawinga wa Kariakoo wanaweza kubishana ana kwa ana mpaka wakaelewana. Hawa wa mtandaoni hawaonani. Wakala anaona sifuri kwenye ripoti yake, anaondoa kiungo, na mwenye duka hajui kamwe kwa nini wateja wamepungua.

Mara nyingi kinachoponyoka ni hicho: imani ya watu. Maombi ya mawakala yanakaa bila jibu, bei mpya inawekwa upande mmoja na ya zamani inabaki upande wa pili, mteja anarudisha kikoi na kamisheni iliyopaswa kufutwa inalipwa. Na wapo wezi. Mmarekani Shawn Hogan alipokea mamilioni ya dola kutoka eBay, kupitia Commission Junction, kwa kupenyeza vidakuzi vyake kwenye kompyuta za watu ambao hawakubofya kiungo chake kwa hiari. Alikiri kosa, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miezi mitano. Ikiwa kampuni kubwa kama eBay iliibiwa hivyo ndani ya mtandao mmoja, sioni duka la watu wawili litalindaje milango miwili.

Kwa hiyo nasema bila kusita: duka dogo lianze na mtandao mmoja, na likae nao mpaka limewafahamu mawakala wake wanaoleta wateja kweli. Wa pili uje ukiwa na sababu inayotajika, kwa mfano soko la nchi ambayo mtandao wa kwanza haufiki, na mtu wa kuuangalia kila wiki awe ameshapatikana. Duka kubwa lenye mfanyakazi wa kazi hiyo laweza kushika hata mitatu. Ila mwenye duka aulize pia mitandao hiyo ni mali ya nani. Mwaka 2017 Awin, kampuni nyingine ya mtandao wa mawakala, iliinunua ShareASale, na aliyejiunga na zote mbili ili asitegemee nyumba moja akajikuta chini ya paa moja.

Na aliyekwisha kushika mbili, akaona mkono unalegea, aachie mmoja kwa hiari. Awaarifu mawakala mapema, aeleze siku ya mwisho ya viungo vyao kufanya kazi, na alipe kila kamisheni iliyokwisha kuiva, hata ya kikoi kimoja.