Je, Mwenye Mashaka Hana Wajibu?

Mvua za kwanza zinyeshapo katika misitu ya miombo kandokando ya Kakanda, akina mama huingia porini kutafuta uyoga. Pengine mama mmoja huokota uyoga asioufahamu vema. Umbo lake ni kama la ule mwema, lakini rangi yake yamtia mashaka. Je, autie chunguni na kuwapa watoto wa jirani? Mwenye akili hasiti kusema, La. Wala hangoji mtoto afe ndipo asadiki ya kuwa uyoga ule ulikuwa na sumu. Hata hivyo hatupi uyoga wote. Humwuliza bibi mzee aliye na ujuzi, huchagua ulio mwema, na ule wa mashaka huuweka kando.

Jambo hili la jikoni lafundisha neno kubwa juu ya dhamiri, nalo lahusu hata kazi za wataalamu walio mbali.

Kila mtu wa kijijini ayajua makaa. Makaa na masizi ya chungu asili yake hasa ni kitu kimoja, kiitwacho kaboni. Mwaka 1991 mtaalamu wa Japani, Sumio Iijima, aliichungua kwa darubini yenye nguvu mno kaboni iliyopitishwa katika cheche kali za umeme. Akaona humo mirija myembamba, yenye uwazi ndani kama mwanzi, mmoja umo ndani ya mwingine. Ndiyo iitwayo mirija ya kaboni yenye kuta nyingi. Maelfu ya mirija hiyo ikipangwa ubavu kwa ubavu, upana wake ni kama wa unywele mmoja tu.

Siku hizi hutengenezwa hivi. Chembe ndogo kabisa za chuma, nikeli au kobalti huwekwa katika tanuru yenye joto la kadiri ya nyuzi 600 hadi 900. Kisha hupitishwa gesi yenye kaboni. Kaboni hujitenga na gesi, hushikamana na chembe ile, na mrija huota juu yake kama jani liotavyo katika mbegu. Hivyo kobalti, madini yale yale yachimbwayo Kakanda pamoja na shaba, yaweza kuwa mbegu ya mirija hiyo. Nayo ina faida nyingi. Ina nguvu kupita kiasi, tena hupitisha umeme. Kwa hiyo hutiwa katika plastiki, na katika betri za simu na za motokari ziendazo kwa umeme.

Lakini kitu chepesi namna hii chaweza kuruka na kuvutwa kwa pumzi. Mwaka 2008 wataalamu wa Uingereza walitangaza ya kuwa mirija mirefu iliyonyoka, ilipotiwa katika matumbo ya panya, ilileta madhara kama yale ya nyuzi za asbesto. Mirija mifupi iliyojisokota haikufanya hivyo. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliamua ya kuwa aina moja ya mirija hiyo huenda ikaleta saratani kwa wanadamu. Kwa aina nyingine ushahidi haukutosha.

Basi wako wasemao: “Huenda si hakika. Mpaka ithibitike, mwenye kiwanda hana wajibu.” Neno hili lina sehemu ya kweli, maana si haki kumhukumu mtu kwa shaka. Lakini wasemao hivyo huchanganya mambo mawili. Kumhukumu mtu ni jambo moja. Kumkinga mtu ni jambo jingine. Ili kuhukumu, hakika yahitajiwa. Ili kukinga, shaka yenye sababu yatosha. Mama yule hakumhukumu mtu yeyote. Aliwakinga watoto tu.

Tena yako magonjwa yakawiayo. Asbesto ilisifiwa sana kwa kuwa haiungui. Huko Uingereza, mwaka 1930 taarifa ya serikali ilionyesha jinsi vumbi lake lilivyoharibu mapafu ya wafanyakazi. Lakini katazo kamili lilikuja mwaka 1999. Saratani iletwayo na vumbi hilo hujificha miaka 20, hata 40. Katika ugonjwa wa namna hiyo, angojaye kuona wagonjwa ndipo alinde watu, huwalinda wakati vumbi limekwisha kuingia vifuani mwao.

Liko na jambo la tatu. Mama huketi na kula chungu kimoja na watoto wake. Kiwandani sivyo: apataye faida pengine siye avutaye vumbi. Kwa hiyo avutaye vumbi ana haki ya kuambiwa waziwazi. Amri ya tano haikatazi kuua kwa mkono tu, bali yaagiza kuutunza uhai wa jirani.

Je, kazi hiyo iachwe? Sivyo. Mirija iliyofungwa ndani ya plastiki hairuki ovyo. Hatari kubwa imo katika unga mkavu. Basi ifanyiwe kazi katika vyombo vilivyofunikwa, ichanganywe na maji inapowezekana, na wafanyakazi wapewe vifuniko vya pua vifaavyo.

Na mtu wa Kakanda asidhani ya kuwa neno hili ni la Wajapani na Wafaransa tu. Vumbi la mawe nalo huharibu mapafu polepole. Msimamizi wa wapondaji mawe asiyetaka kunyunyiza maji, kwa kuwa “hakuna aliyeugua bado,” afanana na nani? Na baba arudiye na nguo zilizojaa vumbi la mgodi, akambeba mtoto kabla ya kuzibadili, naye ajiulize vivyo hivyo. Mama wa uyoga hakuwa na shule ya madini, lakini alijua la kufanya.