Lori Dogo na Dereva Wake

Katika nchi nyingi wako watu wazima, wenye akili zao timamu, ambao hutumia jioni zao kuunda magari ya vita kwa vipande vya plastiki. Wengine huwacheka, wengine huwalaumu. Husema kwamba vita ni maafa, na anayetengeneza sanamu ya maafa ili kupamba kabati lake anayageuza kuwa kitu cha kupendeza. Lawama hii si ndogo, wala haifai kupuuzwa. Hebu tuipime kwa mfano mmoja.

Mfano wenyewe ni lori la jeshi la Marekani liitwalo GMC CCKW, lenye matairi 10. Katika Vita Kuu ya Pili yaliundwa malori ya namna hii zaidi ya 500,000. Kipimo kinachotumiwa sana na waundaji wa magari ya vita ni 1 kwa 35. Maana yake, lori la mita 6 na nusu hivi hupungua likawa la sentimita 18 au 19, na mtu wa sentimita 175 huwa wa sentimita 5 tu. Kipimo hiki hakina huruma. Punje ya mchanga ya milimita 1 ikiganda kwenye bodi, huonekana kama jiwe la milimita 35.

Kwa hiyo kazi hii hudai uaminifu. Vipande hukatwa kimoja kimoja, hupigwa msasa, huunganishwa kwa gundi, kisha hupakwa rangi ya kijani ya jeshi. Hapo lori ni jipya kama limetoka kiwandani jana. Ndipo fundi huanza kulichakaza. Rangi nyepesi ya kahawia hupenyezwa kwenye maungio. Brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu ya kona. Vumbi la chaki hupakwa chini ya milango. Bampa hupindwa kidogo. Asiyejua huuliza, mbona anaharibu kitu kizuri? Jibu ni kwamba lori safi lingekuwa uongo. Lori hilo lilifanya kazi, na kazi huacha alama.

Lakini ni kazi gani, na ya nani? Mwishoni mwa Julai 1944 majeshi ya Washirika yalipenya ulinzi wa Wajerumani huko Normandy, Ufaransa, yakasonga mbele upesi kuliko chakula, risasi na petroli. Reli zilikuwa zimevunjwa kwa mabomu, na mengi yalikuwa ya Washirika wenyewe. Tarehe 25 Agosti ikaanzishwa njia ya malori iliyoitwa Red Ball Express, ikaendelea hadi 16 Novemba. Malori yalikwenda usiku na mchana, yapata 6,000 katika siku za pilikapilika kubwa, mara nyingi yakiwa yamepakiwa kupita kiasi. Na karibu robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi. Jeshi lao liliwatenga na wenzao weupe. Wengi hawakukabidhiwa bunduki mstari wa mbele, bali usukani. Amri ya Rais Truman ya kukomesha utengano huo ilitoka mwaka 1948, vita vikiwa vimekwisha. Hata leo Jenerali Patton hutajwa sana. Aliyempelekea petroli hatajwi.

Sasa fundi wetu anafika kwenye kiti cha dereva. Amehesabu nati za kila gurudumu, amelinganisha mikunjo ya turubai na picha za zamani. Kisha, kwa mazoea tu, anampaka dereva uso mweupe. Haiwezekani kusema kwamba amekosea kabisa, maana madereva weupe nao walikuwako. Lakini kama hata hakujiuliza, basi amekuwa mwaminifu kwa chuma na mzembe kwa binadamu. Na uzembe huo ni mzito kuliko nati iliyopotea.

Wanaolaumu, basi, wana haki yao mahali fulani. Sanamu inayoonyesha chuma peke yake huipamba vita. Hata matope yaweza kuwa pambo. Tena lazima tukubali kwamba mikono ina mpaka wake: jicho la mtu wa sentimita 5 ni nukta tu, na uchovu wa aliyeendesha usiku kucha hauna rangi inayouzwa dukani.

Hata hivyo, sioni kwamba dawa yake ni kuvunja lori na kulitupa. Kitu kidogo kilichotengenezwa kwa subira humvuta mtoto asimame na kuuliza. Atauliza lilikwenda mbio kiasi gani, na lilibeba nini. Aliyeliunda na ajibu yote hayo, kisha aongeze lile ambalo mtoto hakuuliza: nani aliliendesha, na jeshi lake lilimtendeaje. Asiyeweza kujibu hilo, kazi yake haijakwisha, hata rangi ikiwa imekauka.