HAKI YA TAJIRI NAYO NI HAKI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.



Kila mara wachezaji wa mpira wanapogoma, maneno ya watu ni yale yale. Utayasikia sokoni, utayasikia kwa vijana wa moto, na utayasikia hapa nje ya msikiti watu wakitafuta viatu vyao: "Hao wana mamilioni, wanagomea nini tena? Sisi tunalala njaa na kazi tunafanya." Leo tuyapime maneno hayo kwa mizani ya dini, kwa sababu ndani yake mna uchungu wa kweli, lakini mna pia jambo la hatari.

Tuchukue mfano wa Kameruni. Mwezi wa Novemba 2011 wachezaji wa timu yao ya taifa, wakiwa wametoka kucheza Moroko, walikataa kwenda Algiers kwa mechi ya kirafiki na Aljeria. Walisema hawajapewa pesa walizoahidiwa, zile ambazo sisi hapa tunaziita prime. Kapiteni wao alikuwa Samuel Eto'o. Mwaka huo huo alikuwa amehamia Anzhi ya Urusi, na magazeti yaliandika kwamba hakuna mchezaji duniani anayelipwa kumzidi. Shirikisho lao la mpira likamfungia mechi 15, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa miezi 8. Watu wengi walishangilia adhabu ile. Walisema, mtu mwenye mali kama ile anagombania nini prime ya mechi moja?

Ndugu zangu, swali hilo linaonekana ni zuri, lakini limeelekezwa kwa mtu asiyestahili kuulizwa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye uwezo wa kulipa deni akichelewesha, huo ni udhulumu. Angalieni vizuri: hapo mali ya nani inatazamwa? Ni mali ya yule anayedaiwa. Na Qur'ani katika Sura ya Al-Baqara inatuamuru tumpe muda mtu mwenye shida. Shida ya nani? Ya anayedaiwa pia. Sheria inapotaka kujua kama deni lilipwe leo au lingojewe, inachungulia mfuko wa mdaiwa. Sisi tunachungulia mfuko wa mdai, na tukikuta umejaa tunasema deni limekufa. Hukumu hiyo tumeitoa wapi?

Tena katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, Allah ametuamuru tusimame kwa uadilifu, awe mtu tajiri au awe masikini, maana Yeye ndiye anayewajali wote wawili zaidi yetu. Wengi tunajua kwamba hakimu hapaswi kumwonea masikini. Tunasahau kwamba hana ruhusa vilevile ya kumwonea tajiri kwa sababu anawahurumia masikini.

Atatokea ndugu aseme: lakini mali ile imezidi, haiwezekani mtu mmoja apate kwa wiki moja kile ambacho kijiji kizima hakikipati kwa mwaka. Ndugu huyo ana neno. Lakini Allah ameweka mlango wa jambo hilo, nao ni zaka. Katika mali ya tajiri mna haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Kama mchezaji ni Mwislamu na hatoi zaka, mkemee kwa hilo, na hata mimi nitasimama nawe. Ila niambie: ile prime ambayo shirikisho halikuilipa, ilimfikia yatima gani? Ilijenga zahanati gani? Pesa ya tajiri isiyolipwa haiendi kwa masikini. Inabaki mkononi mwa yule aliyeizuia, naye mara nyingi ana gari kubwa na ofisi yenye kiyoyozi. Na akipenda tajiri kusamehe deni lake, hiyo ni sadaka yake na ana thawabu. Mtu mwingine kumsamehea kwa nguvu ni wizi.

(Wengine watauliza kama mpira wenyewe ni kazi. Hilo ni darasa la siku nyingine. Ahadi ya ujira ikishafungwa kwa jambo la halali, na mtu akatoa jasho lake, mshahara umekuwa wajibu.)

Sasa niseme kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tusio na hata kiatu cha mpira. Ukikubali kwamba mwenye kupita wenzake kwa mali anaweza kunyimwa ujira, hujui kanuni hiyo itaishia wapi. Mbele ya Eto'o, mwalimu wa shule ni masikini. Lakini mbele ya mama anayeuza mihogo kando ya barabara, mwalimu ni tajiri, ana karo na ana jina kwenye orodha ya Serikali. Na hata kati ya walimu, yule anayelipwa anaonekana tajiri kwa wale tunaowaita NP, wanaofundisha bila mshahara. Walimu wakigoma, hatujasikia wazazi wakisema, "Afadhali wao, hata hicho kidogo wanacho"? Ni maneno yale yale ya mpira. Aliye juu yangu asidai, kwa sababu mimi niliye chini sina. Basi na aliye chini yangu atasema hivyo juu yangu, na waajiri watacheka.

Kumbukeni pia Leopards wetu wa 1974 kule Ujerumani. Walikuwa mabingwa wa Afrika, na rais alikuwa amewapa nyumba na magari, kwa hiyo nchini walionekana matajiri. Baada ya kufungwa na Scotland 2-0, wakajua kwamba pesa walizoahidiwa hawatazipata, wakataka kukataa mechi ya Yugoslavia. Walicheza, wakafungwa 9-0. Dunia iliwacheka miaka mingi. Mwepu Ilunga, aliyeupiga mpira wa adhabu wa Brazili kabla haujachezwa, alieleza baadaye habari ya pesa na ya vitisho, lakini kicheko kilikuwa kimeshatangulia. Wengi katika timu ile walizeeka katika umasikini. Utajiri tuliowaonea wivu ulikuwa wa siku chache.

Hasira dhidi ya udhulumu ni ibada. Husuda ni ugonjwa, na tumeamrishwa kujikinga kwa Allah na shari ya hasidi. Vyote viwili vinachoma kifuani kwa namna moja, ndiyo maana mtu huchanganya. Jiulize hivi: mchezaji yule akinyimwa pesa yake leo, wewe utapata nini? Kama hupati kitu na bado moyo unafurahi, unajua ni kipi kati ya viwili.

Lakini mchezaji naye ana hesabu yake. Kudai kilichoahidiwa ni haki. Kungoja siku ya mechi, mashabiki wameshalipa tiketi kwa franka walizojinyima, kisha kuomba nyongeza isiyokuwa katika mapatano, hiyo ni kuwakaba watu koo. Waislamu wamefungwa na masharti waliyoyakubali, mwajiri na mwajiriwa. Na mwenye nguvu ya kugoma atazame anamuumiza nani njiani, kwa maana yule aliyelipa tiketi siye aliyekula prime.

Mwezi wa Januari 2017, huko Oyem nchini Gaboni, Leopards wetu walidai prime zao. Siku ya Ijumaa tarehe 13 walikataa kufanya mazoezi, na hapa nyumbani wapo waliowatukana. Siku ya Jumatatu waliingia uwanjani kwa mechi yao na Moroko, wakashinda 1-0.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.